Vikuba Ishirini na Kimoja

Mtu akinipigia simu kuagiza maua, kabla hajamaliza salamu nimeshamjua. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno kidogo, maana ukiondoa kutunga asmini, hicho ndicho kipaji pekee nilichojaliwa. Nyuma ya nyumba yangu, Temeke, nina vichaka sita vya asmini, mlangilangi mmoja uliozeeka, rehani za kutosha, na mawaridi yanayochanua yakijisikia. Barazani nina meza, sindano, uzi na sinia. Wateja wengi hawajawahi kuniona sura. Wananijua kwa sauti, na mimi nawajua kwa wanavyoagiza.

Kuna bwana wa "yoyote tu". Huyo namwogopa kuliko wote. Anapiga: "Sista, niandalie maua ya mke wangu, yoyote tu." Nikimwuliza waridi au asmini, yoyote. Mekundu au meupe, yoyote. Nikipeleka hayo yoyote, jioni simu inaita: "Sista, mbona umeweka haya?" Nilikuja kung'amua kwamba mtu wa yoyote tu ana kitu chake kamili kichwani, ila hataki kukitamka, ili kikiharibika lawama iwe yangu. Mara ya mwisho nilimwambia, "Kaka, muulize kwanza shemeji anapenda nini, halafu unipigie." Hajapiga mpaka leo. Nadhani swali lilikuwa gumu.

Kuna dada wa Kinyerezi ambaye haagizi kwa maneno, anatuma picha. Na picha zenyewe ni za maua ya nchi ambazo watu wanashinda na makoti. "Nataka kama haya." Namjibu kwamba mimi nina asmini. Anatuma nyingine. "Basi kama haya." Tunakwenda hivyo picha nane, tisa, mwisho anachukua asmini, anaipiga picha, anaiweka kwenye status akiandika kwamba hiyo ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo. Nampenda sana huyo dada. Hana kinyongo na mtu.

Kuna mama mmoja wa Kihindi, mke wa mfanyabiashara, ambaye familia yao ikiwa na shughuli ya dini huagiza makoja, yale mashada ya kuvaa shingoni, ya waridi na asmini. Hupiga simu mara tatu: ya kwanza kuagiza, ya pili kuuliza kama ameshaagiza, ya tatu kuniuliza kama nimekula. Mwanzoni niliona haniamini, nikawa najibu kwa mkato. Siku moja nikasikia kwa masikio yangu, simu ikiwa bado hewani, akimuuliza fundi bomba wake maswali yale yale, na la kula likiwamo. Tangu hapo nikimjibu nampa na menyu.

Na kuna mchonga vinyago, mtu wa Kusini, aliyekuja mwenyewe barazani kumchukulia mkewe kikuba. Mkewe alikuwa amejifungua. Watu wote wakishika kikuba hukinusa, maana kazi yake ni kunukia: ni kishada kidogo cha asmini zilizofumba, waridi, rehani na mlangilangi kidogo, ambacho mwanamke hukibana kifuani kwa pini. Yule bwana hakukinusa. Alikigeuza akatazama nyuma, kwenye fundo. "Hapa uliharakisha," akasema. Na kweli niliharakisha. Nikakifumua mbele yake, nikakirudia, naye akasubiri.

Basi ningekuwa mtu wa kuyaona haya na kunyamaza, maisha yangu yangekuwa na amani. Tatizo ni mdomo. Mdomo wangu hauna breki. Nikishamsoma mtu, lazima nimsimulie, na nikimsimulia lazima nimwigize, na watu wakicheka ndiyo naongeza chumvi. Ndivyo nilivyompoteza dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, na yeye huhesabu. Hilo tu. Anahesabu kila kitu na hapendi kizidi. Wageni wakiwa wanane nyumbani kwake, chapati zitakuwa kumi na sita, mbili mbili, na ukimwambia aongeze za akiba anakutazama hivi, anauliza, "Akiba ya nani?" Marehemu mama, ambaye ndiye aliyetufundisha kutunga, alikuwa akimpa yeye kazi ya kuhesabu maua na mimi kazi ya kuongea na wateja. Kila mmoja alipewa alichozaliwa nacho.

Sikukuu moja ya Idi tulikuwa kwake Goba, tumekula tumeshiba, wakwe zake wamejaa sebuleni. Mtu mmoja akasema sambusa zilikuwa tamu. Mimi, mdomo ukaniwasha. Nikasimama, nikachukua sahani tupu, nikaanza kumwigiza dada akigawa: "Wewe mbili. Wewe mbili. Wewe mbili. Wewe mnene, moja, nyingine utaikuta mwakani." Sebule ikalipuka. Mama mkwe wake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikaona nimepata jukwaa, nikaendelea, nikahesabu na punje za wali. Dada alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na jagi la juisi mkononi.

Wakati naondoka alinisindikiza hadi getini, kwa adabu yake. Akasema, "Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu." Nikacheka, nikamwambia, "Dada nawe, utani tu." Akafunga geti. Hapo ndipo ukimya ulipoanza. Mwaka na nusu. Nilipiga simu mara mbili, haikupokelewa, nikasema na mimi nina kichwa changu, sijipendekezi kwa mtu. Huo ukaidi wangu nao naomba uhesabiwe kwenye makosa.

Nikaja kujua kwamba binti yake anaolewa kwa kukutana na binamu yetu sokoni Tandika. Alikuwa na mfuko wenye kitambaa cha zambarau kinachong'aa. Nikamwuliza cha nini. "Si sare ya..." akaanza, kisha akanitazama, akameza maneno. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa. Akasema kwa haraka kwamba kumsinga bi harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo, akasingizia jua kali, akaondoka.

Binti huyo nilimbeba mgongoni. Nilimtoboa masikio mimi, kwa mikono yangu hii, mama yake akiwa ameziba macho chumba cha pili. Na kwetu siku ya kumsinga bi harusi, pale anapofungiwa chumbani na kusuguliwa singo mpaka ngozi ing'ae, si siku ya kila mtu. Nje watakula na kupiga vigelegele watu mia, lakini chumbani wanaingia wanawake wa ndani tu, na kila anayeingia anabanwa kikuba kifuani. Ukiwa na kikuba, una haki ya kuvuka mlango ule. Mama mdogo wa bi harusi kukosa kikuba ni jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nilirudi nyumbani, nikakaa barazani, nikalia hadi nikachukia kulia. Nilitaka kitu kimoja tu, kuwamo chumbani humo, na nilikuwa nimekipoteza kwa ajili ya sambusa.

Jumatatu ya wiki hiyo ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua.

"Asalaam alaykum. Naomba vikuba 21 na koja moja la bi harusi. Ijumaa. Asmini ziwe zimefumba. Rehani majani matatu kila kikuba, si manne. Mlangilangi usizidi. Uzi wa pamba, si nailoni. Bodaboda atafuata saa nane."

Niliusoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Hakukuwa na jina, na hakukuwa na haja ya jina. Ni nani mwingine katika jiji hili lote anayehesabu majani ya rehani? Nilianza kucheka peke yangu, jirani akachungulia. Dada yangu alikuwa ameazima simu ya mtu, akaniandikia kama mteja, akidhani sitamjua. Mimi! Ambaye namjua mtu wa yoyote tu kwa namna anavyovuta pumzi!

Kisha kicheko kikakatika, maana niliwaza jambo la pili. Huenda ni maua tu aliyoyataka. Hakuna mwingine anayefunga kikuba kama mama alivyokuwa akifunga, na binti wa dada yangu asingevaa cha mtu mwingine. Angeweza kuchukua vikuba vyangu, bodaboda avibebe, na mimi nibaki Temeke na sindano yangu. Ingekuwa adhabu nzuri sana. Ningekuwa mimi ndiye mwenye hasira, ningemfanyia hivyo hivyo.

Ndipo nilipoitazama ile idadi ya vikuba. Ishirini na moja.

Nikavuta daftari, nikaanza kuwaorodhesha wanawake wa ndani. Dada mwenyewe. Binti zake wawili wadogo. Mama mkwe. Mawifi wanne. Shangazi zetu watatu. Binamu, yule wa kitambaa, na dada zake wawili. Somo wa bi harusi, kungwi wake. Bibi yetu mdogo, ambaye haoni vizuri lakini hakosi. Nikaendelea hivyo mpaka nikafika mwisho. Nilipata ishirini.

Nikahesabu tena. Ishirini. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kuwapanga kama watakavyokaa, nikamtoa wifi mmoja niliyesikia amesafiri, nikamrudisha baada ya kukumbuka amerudi. Nikafikiria jirani wa dada anayeazimisha masufuria. Lakini jirani haingii chumbani, hata awe na masufuria ya mji mzima. Ilikuwa ishirini kila nilivyogeuza.

Mtu mwingine angesema, aliongeza kimoja cha akiba. Mtu mwingine hamjui dada yangu. Hata hivyo nikataka kuhakikisha. Nikaandika kwa sauti ya kibiashara kabisa: "Waalaykum salaam mteja wetu. Nikuongezee viwili vya akiba, bure?"

Jibu lilikuja palepale. "Hapana. 21."

Usiku ule nililala na daftari pembeni ya mto. Nilikuwa nikiyakumbuka mambo ambayo sijawahi kuyasimulia kwenye maigizo yangu. Baba alipofariki, mama alikuwa akishinda nje kuuza maua, na aliyekuwa akitugawia chakula ni dada, mtoto wa miaka kumi na moja. Alikuwa akihesabu vipande vya muhogo kwa sauti, akitugusa vichwa, na akifika kwangu, mdogo wa mwisho, kipande kilikuwapo. Sikuwahi kukosa. Kama kuna aliyekosa, alikuwa ni yeye, maana nakumbuka mara nyingi alisema hana njaa. Mimi nilichukua kuhesabu kule nikakugeuza kichekesho mbele ya wakwe zake. Niliona aibu iliyonifanya nijifunike shuka hadi kichwani, mtu mzima na umri wangu.

Ijumaa nilichuma asmini kabla ya adhuhuri, nikaketi kutunga. Hapo nikawa na mtihani mwingine. Mtu mwenye akili angetengeneza ishirini na mbili, hicho cha ziada akavaa mwenyewe, na kama amekosea hesabu hakuna atakayejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa vikuba vitatu. Kisha nikaliacha. Nikitengeneza ishirini na mbili, nitakuwa nimejialika. Nilitaka nijue kama nimealikwa. Nikafunga ishirini na moja, majani matatu ya rehani kila kimoja, na kila fundo nililigeuza nikalitazama nyuma, nikimkumbuka yule mchonga vinyago.

Vikuba ishirini nikavipanga kwenye sinia pamoja na koja, nikafunika kwa jani la mgomba lililolowa. Kimoja nikakibana kifuani, juu yake nikavuta mtandio hadi shingoni. Kama nimekosea, nitakuwa mwuzaji aliyeiba kikuba cha mteja na kwenda nacho shughulini. Hilo nalo lingesimuliwa, na mara hii mwenye kuigizwa ningekuwa mimi.

Saa nane bodaboda alifika, mtu mzima mwenye mvi za kidevu. Akanyoosha mikono kupokea sinia.

"Naenda nalo," nikamwambia.

"Mama, mie nimeambiwa mzigo tu."

"Mzigo umeongezeka."

Akanipima kwa macho, toka kichwani hadi chini, na sikupenda alivyoitazama pikipiki baadaye. "Haya, panda," akasema. "Ila sinia unashika wewe. Maua yakipeperuka mie simo."

Kutoka Temeke mpaka Goba juu ya pikipiki, na sinia mapajani, ni safari ambayo siwatakii hata wale wa yoyote tu. Kila shimo bodaboda ananiomba radhi, na kila akiomba radhi anageuka nyuma, na kila akigeuka nyuma mimi napiga kelele. Ubungo kwenye taa, abiria wa gari la pembeni wakavuta harufu wakaanza kuulizana bi harusi yuko wapi. Tulipoanza vilima vya Goba pikipiki ikaguna, bodaboda akaniomba nishuke kidogo nitembee, tukakubaliana kwamba hilo halitasimuliwa. Nalisimulia sasa kwa sababu nimeshawaambia kuhusu mdomo wangu.

Nje ya nyumba ya dada turubai lilikuwa limefungwa, masufuria yamejipanga, wanawake wa zambarau kila pembe. Nilikuwa nimevaa dera la kijani. Nikapita katikati yao nikiwa na sinia, wakanipisha mmoja mmoja. Binamu yetu wa sokoni akajifanya anakoroga kitu kwenye sufuria ambalo niliona wazi kuwa ni tupu.

Dada alikuwa kwenye meza ya nyuma, mlangoni pa chumba cha bi harusi. Alikuwa amekonda kidogo. Nikaweka sinia.

"Shikamoo dada."

Shikamoo haikosi kuitikiwa, hata na mtu aliyekununia. "Marahaba," akasema, bila kuinua uso. Akaondoa jani la mgomba, akalikunja, akaliweka pembeni. Akakichukua kikuba cha kwanza, akakigeuza, akahesabu majani. Akakirudisha. Kisha kidole chake kikaanza safari, viwili viwili.

"Dada," nikasema, "siku ile ya Idi..."

"Nyamaza. Utanipotezea hesabu."

Nikanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuambiwa ninyamaze nikanyamaza kweli. Kidole kilifika mwisho wa sinia, kikasimama, kikarudi mwanzo. Akahesabu mara ya pili, polepole zaidi. Kisha akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu.

"Hapa pana ishirini."

"Ndiyo."

"Nimeagiza ishirini na moja. Kimoja kiko wapi?"

Nikaushusha mtandio. Kikuba kilikuwa pale kifuani, kimelala upande kwa ajili ya mashimo yote ya barabarani, na joto la mwili lilikuwa limeanza kuzifumbua asmini kabla ya wakati wake. Dada akakitazama. Alikitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutafuta la kusema, la kuombea radhi na kuondokea.

Akazunguka meza, akanisogelea, akakunja uso.

"Ndivyo mama alivyokufundisha kubana hivi?"

Akaichomoa ile pini, akaishika kwa meno, akakinyoosha kikuba kifuani kwangu, akakibana upya, juu kidogo, upande wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vinanukia iliki. Alipomaliza hakuondoa mkono. Aliuweka kichwani kwangu, namna alivyokuwa akituwekea enzi za muhogo, na kwa sauti ile ile niliyowahi kuiigiza akasema:

"Ishirini na moja."